Saa 168 za Wiki

Sisi tuliosoma Tanzania tulizoea ratiba iliyobandikwa ukutani. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, ulisubiri uone umechaguliwa shule gani na tahasusi gani, PCB au HGL, ukafunga tranka ukaenda. Kipindi cha kwanza fizikia, cha pili kemia, na kengele ikilia unajua pa kuelekea. Binti wa kaka yangu alikuja Marekani na mazoea hayohayo. Alipoketi mezani kwangu hapa Brooklyn Park, Minnesota, ajiandikishe muhula wa kwanza katika chuo cha jamii, akakuta orodha ndefu ya kozi na hakuna aliyemwandikia jina popote. Akaniuliza, “Shangazi, sasa wao wanataka nisome nini?”

Swali hilo nimelisikia kwa vijana wetu wengi, na ninaliheshimu. Mtu aliyepangiwa masomo tangu utotoni hawezi kuamka siku moja akajua kupanga. Vyuo hivi navyo vimejengwa kwa kudhani kwamba utajua. Joliet Junior College ya Illinois, iliyofungua njia kwa vyuo vya jamii vya umma, ilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita, kwa lengo la kuwapa watu miaka miwili ya mwanzo ya elimu ya juu bila kuhama kwao. Mpaka leo vyuo hivi vinapokea karibu kila anayebisha hodi. Lakini ukishaingia, kupanga ni juu yako.

Kwa hiyo nilimwambia aifunge kwanza ile orodha. Tukachukua karatasi tukaandika wiki yake. Krediti moja, kwa desturi ya vyuo vya hapa, ni takribani saa moja ya darasani kila wiki na saa mbili za kujisomea. Anayetaka kumaliza shahada ya miaka miwili ya krediti 60 kwa wakati hubeba krediti 15 kila muhula, yaani saa 45 kwa wiki. Yeye anafanya kazi saa 40, zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Usingizi, akijihurumia, saa 56. Jumla 141. Wiki ina saa 168. Zinazobaki 27 ndizo za mabasi, kupika, kufua, ibada ya Jumapili na simu za Mwanza, ambako mama yake haamini kwamba mtu anaweza kukosa dakika kumi.

Aliziangalia hesabu zile kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha darasa la biolojia alilokuwa amelipenda kwa sababu bado lilikuwa na nafasi: saa mbili asubuhi, Jumatatu na Jumatano. Zamu yake inaisha saa moja. Kati ya hapo kuna mabasi mawili, na Novemba theluji huanza kushika barabara. Halafu saa tatu za maabara, amesimama, baada ya kukesha akigeuza wagonjwa. Akalifuta mwenyewe. Tukapata la mchana.

Mwishowe alibaki na krediti 9: uandishi wa Kiingereza 4, biolojia 4, na kozi ya krediti moja ya mbinu za kusoma chuoni. Uamuzi huo una gharama, na ni lazima isemwe. Ana grini kadi, kwa hiyo anastahili kuomba ruzuku ya serikali kuu, Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Mwenye krediti 12 hupata fungu lake lote. Mwenye 9 hupata robo tatu. Aliye na viza ya mwanafunzi ya F-1 hana hata nafasi hiyo ya kupunguza, maana kwa kawaida lazima abebe krediti 12. Lakini ruzuku haina huruma kwa anayebeba mzigo akauangusha. Vyuo vingi hudai umalize walau asilimia 67 ya krediti ulizojiandikishia, na alama zisishuke chini ya wastani wa 2.0. Ukishindwa, msaada unasimama. Na Pell ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Muhula unaochezewa unahesabiwa humo.

Wazee wetu walilalamika. Krediti 9! Fulani alichukua 18 na alikuwa na watoto wawili. Nawapenda wazee hao. Ndio walionipokea nilipofika. Ila wengi wao wana dawa moja kwa kila kijana anayeshuka kwenye ndege, nayo ni uuguzi. Kazi njema, na binti yetu huenda akaifuata. Lakini nafasi za uuguzi hugombewa, na alama za sayansi hutazamwa sana katika kuchagua. Anayekimbilia kozi nyingi akatoka na C ya biolojia amejichelewesha zaidi ya aliyekwenda taratibu. Na asipoupenda uuguzi? Hapa Minnesota kuna mtaala wa uhamisho wa krediti 40 ambao ukiukamilisha katika chuo kimoja cha umma, vingine vya umma vya jimbo vinaukubali. Uandishi na biolojia alivyochagua vyote vimo humo. Ana muda wa kujijua.

Kilichobaki ni kumwona mshauri wa masomo, na hapo ndipo tunapokwama kwa adabu yetu. Tulifundishwa kutomsumbua mwalimu, kusema “nimeelewa” hata kama hatujaelewa. Ofisini kwa mshauri adabu hiyo inaumiza, kwa sababu yeye hujibu kile ulichouliza tu. Nilimwandikia maswali mawili kwenye karatasi ileile ya saa. La kwanza: kila kozi kati ya hizi itahesabiwa wapi nikihamia chuo kikuu, au nikiomba uuguzi? La pili: siku ya mwisho ya kuacha kozi nikarudishiwa ada ni ipi, na baada ya hapo nikiacha, nini kitaandikwa kwenye rekodi yangu? Nikamwambia asitoke mle mpaka ameyapata yote mawili kwa maandishi.