Mwambie Bei ya Kweli Kabla Hujataja Yako

Tengeru, Arusha

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako ameniambia kwamba yule mama mjane, jirani yenu wa Sanawari, amekuletea seti ya sarafu za mwaka 1966 alizoachiwa na marehemu mumewe. Anataka umkadirie thamani yake, nawe unafikiria kuinunua mwenyewe. Nimeona nikuandikie kabla hujamjibu.

Kwanza ujue ulichoshika. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966, tukapata sarafu zetu wenyewe: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumni, yaani senti hamsini, yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Hizo ndizo tulizonunulia maandazi. Mbali nazo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji seti 5,500 za prufu za sarafu hizohizo nne, kama hiyo uliyoletewa. Sarafu ya prufu hugongwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliong'arishwa, ndiyo maana uso wake unang'aa kama kioo.

Ukijumlisha kilichoandikwa juu ya sarafu za seti hiyo utapata shilingi moja na senti sabini na tano. Ukitafuta madini utakuta shaba na nikeli, hamna fedha wala dhahabu. Linganisha na sarafu ya duma ya shilingi 1,500, iliyotolewa mwaka 1974 kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori. Ile ina gramu zipatazo 30 za dhahabu halisi, kwa hiyo hata ikikwaruzika, dhahabu yake bado inauzika. Seti ya 1966 haina kinga hiyo. Thamani yake yote imo katika hali yake: zote nne zipo? Kasha lake la awali lipo? Kuna alama za vidole, au utando wa kijani unaoletwa na plastiki mbaya? Zikague mchana, karibu na dirisha, ukizishika kwa ukingo tu. Usithubutu kuzisugua kwa limau na majivu, wala kwa dawa ya kung'arishia. Kioo kile kikishakwaruzwa hakirudi.

Pili, usidanganywe na uchache. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilikuwa 16,198, karibu mara tatu ya seti zetu, na bado bei yake iko juu mno, kwa sababu ni dhahabu na wanaozitafuta ni wengi. Kitu kinaweza kuwa adimu kikakosa mtu wa kukigombea.

Tatu, anachotaja muuzaji ni matumaini yake. Wewe tafuta bei zilizokwisha kulipwa minadani kwa seti kama hiyo, za hivi karibuni, zenye hali inayofanana. Kusanya kadhaa, weka kando ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa, kisha uone katikati pana nini. Toa kamisheni ya mnada na gharama ya kusafirisha, maana mnunuzi huenda yuko Ulaya au Marekani. Usikimbilie kuzipeleka kupimwa na kampuni za kukadiria hali ya sarafu kama PCGS au NGC, kwa kuwa ada ya sarafu nne inaweza kuzidi bei ya seti nzima. Yote uyaandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Yule mama amekuja kwako kwa sababu hajui, na wewe unajua. Mpe karatasi yenye bei ulizozipata na jinsi ulivyofikia hesabu yako. Ikiwa ndogo mwambie ni ndogo, maana mjini kuna maneno mengi kwamba kila sarafu ya zamani ni mamilioni, na matapeli wanaishi kwa maneno hayo. Ikiwa kubwa mwambie pia. Mwache akae nayo, azungumze na wanawe. Akiamua kuuza, ndipo utaje bei yako, na faida yako aijue. Ukishindwa kununua kwa namna hiyo, usinunue kabisa. Sarafu nyingine utazipata, mwanangu, lakini mjane aliyekuamini ukamdhulumu huna cha kumlipa.



Ni mimi mjomba wako.