Mochi Katika Mji wa Newala

Ulimi una ukaidi kuliko akili. Nilitambua hivyo siku niliyopanda kutoka Masasi mpaka Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo jicho huteremka mpaka bonde la Ruvuma. Mgahawani, baada ya wali na samaki, mpishi kijana aliniletea donge jeupe lililojazwa mbaazi zilizopondwa kwa sukari.

“Ni mochi, mwalimu,” alisema, “kitamutamu cha Kijapani.”

Nilisita. Mbaazi kwangu zilikuwa kitoweo. Kuzitia sukari niliona ni kuzidhulumu. Wajapani hutumia maharage madogo mekundu yaitwayo azuki, na mchele wa kunata huupika kwa mvuke, kisha huutwanga kinuni kwa nyundo za mti. Kijana yule, kwa kukosa mchele huo, alitumia unga wa muhogo.

Muhogo! Marehemu mama yangu aliutwanga kila alfajiri. Niliporudi nyumbani na shahada yangu ya udaktari, niliukataa ugali wake mbele ya wageni kwa kuuonea haya. Hakulalamika; aliondoa sahani.

Nilikula donge lote. Lilinata menoni, utamu wake ukaja polepole. Mpishi alifurahi, nami nilihuzunika, maana muhogo ulioitwa kwa jina la ugenini niliupa heshima niliyomnyima mzazi wangu. Aibu haikuwa katika chakula. Ilikuwa katika mlaji.