Mashine ya Nyasi Yapanda Kabale

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea kusini-magharibi mwa Uganda huiona nchi ikibadilika mara apitapo mji wa Ntungamo. Malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu hubaki nyuma, barabara huanza kujipindapinda, na milima iliyokatwa matuta tangu bondeni hadi kileleni hujipanga pande zote mbili. Abiria hufunga madirisha ya basi, na akina mama hutafuta shuka za kuwafunika watoto. Ndipo unapofika Kabale, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 400 kutoka Kampala, na kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya uzuri wa nchi hii ya Kigezi, ambayo wageni waliipa jina la Uswisi ya Afrika. Ukungu wa asubuhi hulala mabondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Ziwa Bunyonyi, pamoja na visiwa vyake vingi, liko mwendo mfupi tu upande wa magharibi. Sokoni kuna viazi ulaya vya kila aina, maharagwe, na mtama ambao hutengenezewa bushera, kinywaji kinachomshibisha mtu hata akasahau chakula cha mchana. Lakini mgeni anayekuja kuishi hapa, kama vile askari aliyehamishwa na jamaa yake, hukutana mapema na jambo ambalo watalii hawaliandiki, nalo ni nyasi.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba huziotesha kwa nguvu ya ajabu. Ukizifyeka leo katika uwanja wa shule, baada ya wiki mbili zimekwisha kufika vifundoni. Viwanja navyo haviko tambarare. Shule, kanisa, kituo cha polisi, hata uwanja wa gofu, vyote vimeegemea kilima, na mwenye fyekeo la mkono hufanya kazi mguu mmoja juu na mmoja chini tangu alfajiri. Ndiyo sababu mashine ndogo ya petroli, ile ivaliwayo begani kwa mkanda na kukata kwa uzi wa nailoni unaozunguka, imepokewa vizuri katika milima hii.

Asili ya mashine hiyo ni mbali sana na Kigezi. Mwaka 1971, mjini Houston katika jimbo la Texas, Marekani, George Ballas, ambaye aliwahi kulitumikia jeshi la nchi yake katika Vita Kuu ya Pili na katika vita vya Korea, alizitazama brashi za mahali pa kuoshea magari zikizunguka kwa kasi na kusugua kila pembe ya gari. Aliporudi nyumbani alitoboa mkebe mtupu, akapenyeza nyuzi za kuvulia samaki, akaufunga mkebe huo kwenye mashine iliyokuwa ikikata kingo za bustani. Houston, yafaa kukumbuka, ni mji wa tambarare ulio karibu na bahari. Huko hakuna mtu aliyehitaji kuulizwa kama hewa inatosha.

Katika Kabale swali hilo linaulizwa. Mfano wake ni mashine moja iliyopanda milima ndani ya lori la mizigo, ikiwa imefungwa katika godoro la watoto.

Mwenye mashine alikuwa mke wa koplo wa polisi, naye aliinunua Entebbe kwa fedha za upatu zamu yake ilipofika. Kule kando ya ziwa ilimlipia ada za watoto wawili kwa kukata nyasi za majirani. Koplo alipopewa uhamisho wa Kabale, mkewe hakukaa mwezi mmoja kabla ya kupata kazi katika shule ya msingi iliyo mtelemkoni. Uwanja mzima ulitakiwa uwe safi kabla ya Ijumaa, kwani siku hiyo wazazi wangekuja kuwatazama watoto wao. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba asipomaliza, kazi itapewa vijana wenye mafyekeo, na wao ndio watakaoendelea nayo muhula mzima.

Jumatatu mashine iliwaka baada ya kuvutwa mara kumi na mbili. Ilinguruma polepole bila tatizo. Ilipoongezwa moto ili uzi uzunguke, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mzito, ikazima. Ikawa hivyo hata mchana. Vijana wa mafyekeo walikuwa wamekaa juu ya ukuta, wakitazama kwa adabu.

Jioni koplo alichukua bisibisi. Ubavuni mwa kabureta kuna parafujo ndogo ndogo, na mwanamume aliye mbele ya parafujo huona vigumu kuziacha. Mkewe akamzuia. "Baba watoto, bunduki yako hukuiunda wewe, na hii nayo hukuiunda. Kesho naipeleka kwa fundi."

Fundi alipatikana kando ya barabara iendayo Katuna, mpakani mwa Rwanda, katika kibanda cha mabati kilicho katikati ya waziba magurudumu na waendesha bodaboda. Alikuwa mzee mwenye koti la sufi lililojaa mafuta. Hakuigusa kamba ya kuwashia. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa.

"Mama, petroli hii ina umri gani?"

"Tulikuja nayo, mzee. Ilikuwa katika jerikani."

"Basi imesafiri kuliko mimi."

Aliimimina katika chupa nyeupe na kuiweka juani. Rangi yake ilikuwa imekolea, harufu yake imekuwa kama ya vanishi, na chini kabisa yalionekana matone ya maji yakitembea kama zebaki. Petroli ikikaa miezi miwili au mitatu, sehemu zake nyepesi huruka na nzito hubaki, nazo huacha utando wa gundi ndani ya vijitundu vya kabureta. Tena usiku wa Kabale ni baridi. Jerikani iliyojaa nusu huvuta unyevu, na unyevu huo hugeuka matone. Wako pia wanaonunua petroli ya chupa barabarani, ambayo haijulikani imechanganywa na nini, lakini mama huyu hakuwa mmoja wao.

Fundi akauliza swali la pili, ambalo lilimtia mama aibu kidogo. Alitaka kujua anachanganya oili kiasi gani. Mashine ya namna hii haina oili yake peke yake kama gari, bali hupakwa mafuta na ile oili iliyochanganywa katika petroli. Kijitabu cha mashine hii kilitaka sehemu moja kwa hamsini, yaani mililita 20 katika kila lita moja ya petroli, au 100 katika lita tano. Mama alikuwa akitia maradufu, kwa kuipenda mashine na kutaka iishi. Ziko mashine za zamani zinazotaka sehemu moja kwa ishirini na tano, lakini hii haikuwa mojawapo. Kila tone lililozidi liligeuka masizi.

Masizi hayo fundi alijua yalikokaa. Akafungua kisanduku cha ekzosi na kutoa kipande cha wavu wa waya, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachowekwa kuzuia cheche zisiruke nje na kuchoma majani makavu. Kilikuwa kimeziba kabisa, cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Akakionyesha juu ya mwanga: hakuna hata nuru iliyopita. Mashine iliyozibwa pua ya nyuma huweza kunguruma polepole, kwa kuwa moshi wake ni mdogo. Ikidaiwa nguvu hushindwa kuutoa moshi wa zamani, basi haina nafasi ya kuvuta hewa mpya. Wengi humnyooshea kabureta kidole, kumbe mwizi ni wavu huu. Aliuchoma kwa moto wa gesi, akausugua kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Chujio la hewa, ambalo ni sponji tu, liliogeshwa kwa maji ya sabuni na kuanikwa. Plagi ilitolewa ikiwa nyeusi na imelowa, ilhali plagi ya mashine yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi kama chungu kilichochomwa vema. Ikasafishwa, na nafasi ya cheche ikapimwa kati ya milimita 0.5 na 0.7. Chujio la mafuta lilivuliwa kutoka ndani ya tangi kwa waya uliopindwa mfano wa ndoana. Tundu la kupumulia katika kifuniko cha tangi lilipulizwa kwa mdomo, kwa maana tundu hilo likiziba petroli hukataa kutoka, na mtu hushangaa kwa nini mashine huzima baada ya dakika tano na kuwaka tena kifuniko kikilegezwa. Kabureta ilifunguliwa. Kiwambo chake cha mpira, chembamba kama karatasi, kilikuwa bado laini. Kingalikuwa kigumu chenye kulia kama jani kavu, kingebadilishwa.

Ikatiwa petroli mpya yenye oili kwa kipimo. Ikawaka mara ya tatu. Ilipoongezwa moto haikuzima, lakini sauti yake haikuwa safi. Ilisema kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani.

Hapo ndipo fundi alipoishika bisibisi kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hapo ndipo Kabale yenyewe ilipoingia katika shauri. Mtu akipanda mlima, hewa hupungua uzito. Ukilinganisha na pwani ya Mombasa, Entebbe, iliyo kwenye kimo cha mita zipatazo 1,150, imepungukiwa karibu sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa hewa yake. Kabale imepungukiwa karibu sehemu moja kati ya tano. Kabureta ndogo haijui kwamba imehamishwa. Huendelea kumimina petroli ileile ya Entebbe katika hewa iliyo haba, na mashine huwa kama mlaji aliyejazwa sahani asiyoweza kuimaliza. Dawa yake ni kupunguza petroli kwa parafujo ya mwendo wa kasi. Fundi aliigeuza upande wa kulia kidogo mno, labda sehemu ya nane ya mzunguko, akasikiliza. Akaigeuza tena kidogo kuliko mara ya kwanza, akaacha. Hakutafuta sauti nyembamba yenye kulia sana, ambayo vijana huipenda. Aliacha mngurumo kidogo ubaki mashine ikizunguka bure, ule unaotoweka na kuwa safi uzi ukigusa nyasi.

"Kwa nini usiisafishe yote, mzee?" mama akauliza.

Fundi alinyoosha mkono kwenye msumari ukutani na kushusha pistoni ndogo. Ubavu mmoja ulikuwa umechubuka mistari mirefu, kana kwamba umekwaruzwa na paka. Mashine yake ilirekebishwa hapahapa Kabale mpaka ikaimba vizuri, kisha mwenyewe akahamia Kasese, mji wa joto ulio chini ya mita 1,000. Huko hewa ni nzito, na petroli iliyopunguzwa mlimani ikawa haba. Na kwa kuwa oili huingia pamoja na petroli, petroli ilipopungua oili nayo ikapungua. Ilifanya kazi siku mbili ikiwa na nguvu kuliko siku zote, na siku ya tatu ikanoki.

Mama aliishika ile pistoni kwa muda mrefu. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa amehama vituo vinne. Hakujua cha tano kitakuwa wapi wala lini, na wakubwa hawaulizi kimo cha kabureta kabla ya kuandika barua ya uhamisho. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akamwomba fundi aichore alama pale parafujo ilipokuwa kabla ya kugeuzwa na pale ilipo sasa. Mzee alicheka hadi akakaa chini, halafu akachora alama zote mbili kwa mkono uliotulia.

Jumatano asubuhi ukungu ulipoinuka, mke wa koplo alivaa viatu vizito na miwani ya kukinga macho, akawaondoa watoto wa shule umbali wa mita 15, kwa kuwa uzi ule huokota kijiwe na kukirusha kama kombeo. Aliiacha mashine ipate joto dakika mbili, kisha akaanzia juu ya mtelemko. Wale vijana wa mafyekeo walikuja tena ukutani. Saa nne mmoja wao alishuka kuuliza bei ya mashine kama hiyo, na mama akamjibu kwamba bei si neno, aulize kwanza bei ya wavu wa ekzosi. Uwanja ulimalizika Alhamisi saa tisa, pamoja na kingo za njia na mashina ya mikaratusi, ambayo hayakuwamo katika mapatano.

Usiku ule koplo aliirudisha mashine chumbani, akakuta juu ya tangi utepe mweupe umebandikwa. Mkewe alikuwa ameandika kwa kalamu ya mwanafunzi: "Kabale, alama ya chini. Tukishuka, rudisha alama ya juu kabla ya kuwasha."