Chini ya Makuti ya Kwale

Ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya Lunga Lunga, mji hukuachia polepole. Ng'ombeni, Waa, Tiwi. Minazi huzidi, maduka hupungua. Tulishuka kabla ya kufika Ukunda, tukaingia ndani kwa miguu hadi kijiji cha Wadigo ambacho msikiti wake, kisima chake na chekechea yake vimo katika uwanja mmoja. Kamati ya msikiti ndiyo iliyotuita. Wazazi kadhaa walikuwa wamelalamika kwamba watoto wao wanacheza mno na hawasomi, na wazee walitaka mtu wa chuo aje atazame kwa macho yake, kisha aseme kama mambo haya yanaafikiana na mafunzo yetu au hayaafikiani.

Darasa ni chumba kimoja cha kuta za udongo, paa la makuti, na majamvi chini. Hakuna madawati. Hakuna fimbo pia, nasi tuliokulia mbele ya kiboko cha mwalimu wa chuo tulijikuta tukiitafuta kwa macho. Watoto wapatao 30 walikuwa wameketi duara pamoja na walimu wawili. Walipokwisha kusoma dua na Suratul-Ikhlas, ustadha hakuwaamuru kitu. Alimuuliza kila mmoja: "Leo utafanya nini?" Huyu akasema atajenga dau. Yule akasema atauza nazi. Mmoja akasema hajui, akaambiwa azunguke kwanza atazame, naye akazunguka.

Vifaa vyote vimeokotwa au kutengenezwa papo hapo: vifuu, magunzi ya mahindi, vizibo vya soda, kete za pwani, vipande vya ukili, hata mbuzi ya nazi iliyong'olewa meno. Kila aina ina pembe yake, na mtoto anajua pa kuchukua na pa kurudisha.

Tulikaa muda mrefu karibu na duka. Msichana wa miaka minne hivi alikuwa na mizani ya vifuu viwili vilivyoning'inizwa kwenye kijiti. Alitia jiwe upande mmoja na vizibo upande wa pili, mizani ikakataa. Akaongeza vizibo kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, akaruka sita, akarudi. Mwenzake akataka jiwe liondolewe, liletwe dogo. Wakagombana. Ustadha akaja, akaketi jamvini kimo kimoja nao, akauliza tu: "Mmejuaje kwamba jiwe ndilo zito?" Kisha akanyamaza. Kunyamaza huko, mama zetu, ndiko kulikokuwa kazi ngumu kuliko zote tulizoziona asubuhi ile, maana sisi walimu wa kiume hatukujaaliwa sifa hiyo. Kizibo cha kumi na moja kilipoingia, kijiti kikalala sawa, na duka zima likapiga kelele.

Kabla ya uji walirudi duarani, kila mmoja akasimulia alichofanya na kama kilitimia. Mwenye dau alisema halikwisha, kwa kuwa magunzi yalimalizika. Kesho ataendelea kwa makumbi.

Utaratibu huu wa kupanga, kufanya na kusimulia asili yake si Kwale. Ulitungwa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan huko Marekani, na David Weikart pamoja na wenzake katika miaka ya 1960. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapelekwa chekechea na jingine halikupelekwa, na wakafuatiliwa mpaka umri wa miaka 40. Waliosoma chekechea walimaliza sekondari kwa wingi zaidi na walikamatwa na polisi kwa uchache zaidi. Hilo ni ushahidi wa faida ya chekechea njema. Lisichukuliwe kuwa hoja ya kila mchezo.

Namna ulivyofika kwetu ni habari yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada wa kuwainua watoto wa Kiislamu katika elimu. Mpango ukaanza Mombasa, na Bi Swafiya Said akashika kazi ya kuwafunza ualimu akina mama wa vijijini, kila mmoja katika jamii yake. Dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili zikatiwa ndani ya utaratibu ule. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda.

Ama kuhusu mafunzo yetu, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania Abu Umayr, mtoto mdogo, juu ya kindege chake alichokuwa akikichezea. Imam Ghazali katika Ihya ameusia kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri, kwani kumkataza na kumbebesha masomo daima huua moyo wake na kufifisha akili yake. Ibn Khaldun naye ametahadharisha kwamba ukali kwa wanafunzi wadogo huwafunza uongo na hila. Lakini tusifiche tofauti. Ghazali anauweka mchezo baada ya somo. Ustadha huyu ameliweka somo ndani ya mchezo. Hiyo ni hatua ya mbele zaidi, nasi kwa umri wa miaka mitatu hadi mitano hatuoni kizuizi, maadamu yuko mtu mzima anayejua anachokitazama. Anayewafungulia watoto uwanja na kwenda kibarazani kupiga soga asijihesabu miongoni mwa hawa.

Mlangoni alitungoja mama mmoja mwenye buibui. "Shehe, daftari la mwanangu ni jeupe. Wa jirani yuko akademi, anaandika mpaka mia."

Ustadha hakubishana naye. Alimwita mwanawe: "Baba, tuletee kete, kila mtu moja." Mtoto akatutazama, akatuhesabu kwa kidole, akaenda. Alirudi na kete tano, akagawa, akabaki na moja mkononi. Akafikiri kidogo, akajigaia mwenyewe. Tulikuwa watu wanne, naye wa tano.

"Hayo hata nyumbani huyafanya," akasema mama. "Na darasa la kwanza je?"

Akajibiwa kwamba herufi zimo katika pembe ya vitabu, kwamba wakubwa huandika majina yao kabla ya kuondoka, na kwamba hata mtaala wa umilisi wa serikali unataka PP1 na PP2 wajifunze kwa kucheza. Mama akanyamaza, na haukuwa unyamavu wa kuridhika.

Wazee walitueleza lililobaki. Watoto sita wameshahamishwa, na ada za sita ndizo mshahara wa mwalimu wa pili. Akiondoka huyo, anayebaki hataweza kuketi jamvini na watoto 30 huku akinyamaza. Atasimama mbele, awapange safu na kuwaimbisha herufi, na vifuu vitarudi jikoni. Tulishauri kwamba kabla ya mtu kumhamisha mwanawe, aje akae asubuhi moja nzima, toka dua mpaka uji. Kamati ikachagua Jumatatu.

Tulimuuliza yule mama kama atakuja.

"Nitakuja, Shehe," akasema. "Lakini na daftari nitakuja nalo."