Tabora hakuna bichi, kuna embe bichi!

Mwenzenu nimerudi kutoka Tabora na vitu vitatu: dumu la asali, mfuko wa matobolwa na ugomvi na kaka yangu. Asali imekwisha, matobolwa bado tunatafuna, na ugomvi nao bado upo. Ndiyo maana leo nimeona nikupakulie mambo yote, halafu uamue mwenyewe nani mkorofi.

Ilikuwa hivi. Marehemu baba alituachia nyumba mtaa wa Ng'ambo. Nyumba yenyewe ya zamani, tofali za udongo, bati lina kutu. Lakini kiwanja ni kipana ile mbaya, na mbele kabisa, kando ya barabara, uko mwembe. Sasa tangu reli ya kisasa ianze kutajwa, watu wenye mshiko wanazunguka mitaani kuulizia viwanja. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa 2021, wa Tabora hadi Kigoma ukafuata 2022, na hapo kila mwenye kibanda akajiona tajiri mtarajiwa.

Basi mmoja akafika bei. Sharti lake moja tu: siku ya kukabidhiwa akute mwembe umeshakatwa, maana anataka kupanga fremu za maduka mpaka barabarani. Kaka akanipigia simu. "Wewe ndiye mwenye likizo. Nenda kamalizane naye."

Nikamchukua mshikaji wangu, Mzaramo, mtoto wa Kariakoo. Si unajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani? Utani wenyewe ulizaliwa kwenye njia ya misafara. Babu zetu walishuka pwani na meno ya tembo mabegani, wakapita kwa babu zake, wakataniana, wakazikana, hadi leo hatujaachana.

Treni ya umeme, ile iliyoanza kwenda Dodoma 2024, ilitupeleka chapuchapu. Dodoma tukapanda basi, tukapita Manyoni na Itigi. Mtani hakunyamaza. "Babu yako alipita hapa na frasila mbili begani, wewe umekaa kwenye kiti na korosho. Kizazi kimeharibika!" Frasila mbili ni kama kilo 32, msomaji wangu, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi. Yule Mwingereza Burton aliondoka pwani Juni 1857, akaingia Tabora Novemba. Sisi, ukitoa pancha moja iliyotuanika juani saa mbili nzima, tuliondoka Dar alfajiri na usiku tukala wali Tabora.

BICHI IKO WAPI?

Kulipokucha tu, mtani akavaa kaptula na kandambili. "Haya, nipeleke bichi."

Nikamwambia bichi ninayoijua mimi huku ni embe bichi, tena kwa chumvi na pilipili. Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini swali lake lilinichoma. Yeye kwao Jumapili jioni anakwenda Coco, ananunua mihogo ya kukaanga, anakaa mchangani bure hadi giza liingie. Tabora ina watu zaidi ya laki tatu. Jioni wanakwenda wapi?

Halafu ona mambo yalivyo. Njia ya misafara ilianzia ufukweni Bagamoyo na kuishia ufukweni Ujiji. Mchanga huku, mchanga kule, sisi tupo katikati tunakula vumbi. Mtani akasema Mungu alipogawa maji, Mnyamwezi alikuwa safarini amebeba mzigo wa mtu.

Nikampeleka Igombe, kwenye bwawa lililo nje ya mji. Ndiyo maji tuliyokunywa miaka mingi. Oktoba ile maji yalikuwa yamerudi nyuma, udongo umepasuka kama kisigino cha mtembea pekupeku. Vijana watatu walikuwa wamekaa na redio. Mtani akavua kandambili, akatembea ukingoni, akarudi na tope hadi magotini. "Si mbaya," akasema, "ila hii siyo bichi. Hii ni ndoo kubwa."

Wale vijana wakamjibu kwamba sasa hivi bichi imewafuata majumbani. Kweli bwana. Maji ya Ziwa Victoria yanavutwa Ihelele kule Misungwi, yanapita Nzega mpaka Tabora, mradi wa mkopo kutoka India uliozinduliwa 2021. Mimi niliyekua nikiamka usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukohoa, sikuona cha kucheka hapo. Ufukwe ni kitu kizuri, lakini wa kwanza awe bombani.

WANAOPITA NA WANAOBAKI

Siku ya pili tukaenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Ni nyumba ya udongo, kuta nene, paa bapa, mlango wa nakshi kama wa Unguja. Joto la nje lilikuwa la kukaanga mayai, ndani baridi safi. Stanley na Livingstone walikuja hapa mwanzoni mwa 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, mwenzake akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Miezi mitano anasubiri!

Hapo ndipo nilipouelewa mji wangu. Tabora ulikuwa mji wa kusubiri. Msafara unafika, mwingine unaondoka, njia moja inakwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenye maziwa. Hata reli ilipofika 1912 mambo yakawa yaleyale: hapa unabadilisha treni ya Kigoma na ya Mwanza. Mjerumani alipita, akapigana na mtemi Isike mpaka Isike akajilipua ngomeni mwake Januari 1893 kuliko kukamatwa. Mbelgiji alipita 1916. Wanasiasa nao walipita: Januari 1958 TANU walikutana hapa, Nyerere akawashawishi waingie kwenye ule uchaguzi wa kura tatu. Na anayesubiri Tabora, Oktoba, anahitaji kitu kimoja kabla ya kingine chochote. Kivuli.

Jioni tulirudi Ng'ambo, tukakaa nje ya nyumba ya baba.

MKUTANO WA MWEMBE

Msomaji wangu, mimi niliuona ule mti kila siku utotoni na sikuwahi kuhesabu watu wake. Siku hiyo nilihesabu. Wazee wanne wa bao. Muuza kahawa na birika lake. Bodaboda sita wanasubiri abiria. Mama mmoja na beseni la matobolwa na karanga. Wasichana watatu wa sekondari wenye madaftari. Fundi baiskeli. Mbuzi.

Nikawamwagia habari kama ilivyo, kwamba tunataka kuuza.

Mzee mmoja akaacha kete hewani. "Shikamoo babu," nikamwahi.

"Marahaba mjukuu wangu. Nyumba ni ya baba yako, ukiuza umeuza ya baba yako. Lakini ukikata mwembe umekata wetu."

Nikaona kazi imekwisha, wote watasema hivyohivyo. Thubutu! Dereva mmoja wa bodaboda akaruka. "Babu, samahani, mwembe haulipi kodi. Zikijengwa fremu kumi, hapa panakuwa senta. Abiria watajaa. Mimi nitakaa chini ya mwavuli, nina shida gani?" Wenzake wawili wakaitikia. Mmoja akasema kabisa kwamba Tabora imebaki nyuma kwa sababu kila kitu tunakionea huruma.

Yule mama wa matobolwa akanyamaza kwanza, kisha akasema kwa upole, "Nyie wanaume mnagombania kivuli na fremu. Mimi nakaa hapa tangu asubuhi hadi magharibi. Mkijenga, mkiacha, niwekeeni choo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Msichana mmoja wa sekondari aliongea akitazama chini. Alisema nyumbani kwao wapo tisa kwenye vyumba viwili. Akienda mgahawani lazima anunue soda ndipo akae. Hapa anasoma bure, na mama yake akitokeza mlangoni anamwona. "Hakuna pengine, anko," akasema. Basi.

Mtani wangu, aliyekuwa akitafuna embe bichi muda wote, akanigeukia. "Sasa nimeiona bichi yenu. Imekosa maji tu."

Nikakumbuka kitu. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni, hutakiwi kuendesha humo shughuli za kudumu zinazoharibu. Watu wanaivunja, tunajua, lakini angalau mwananchi wa Dar ana pa kushika akiona ukuta unapanda mchangani. Mwembe wa mtaani nani kaupimia mita? Uko kwenye kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja akiamka na shoka, mtaa mzima umekosa pa kukaa, na hakuna wa kumuuliza.

NILICHOFANYA

Kesho yake nilionana na mnunuzi. Nilitegemea jitu la kuchukiza, nikakutana na mtu mzima mstaarabu, kaninunulia chai. Nikamwomba aache mti, fremu zisogee nyuma. Akatikisa kichwa. "Kijana wangu, mimi sina ubaya na mti. Nina mkopo. Kila mita mbele ni fremu, kila fremu ni rejesho." Hakudanganya, na wala sikuwa na jibu. Tukashikana mikono, akaenda kutazama kiwanja kingine.

Nikampigia kaka. Hapo sasa! Kumbe ile pesa alikuwa ameshaigawa kichwani, na fungu kubwa lilikuwa ada ya chuo ya binti yake. "Umekwenda kuokoa mti, umemwangusha mtoto," akasema, akakata simu. Maneno hayo nimerudi nayo Dar, na usiku mengine hayanitoki. Kaka hana kosa. Yule binti ni mwanangu pia.

Nilichoamua ni hiki. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua pikipiki. Nimeitoa. Tutajenga fremu tatu ubavuni mwa nyumba, siyo mbele, na kodi yake itakwenda kwenye ada. Ni kidogo kuliko ile bei, na itachelewa, najua. Nyuma ya fremu tutachimba choo, na ufunguo atakaa nao yule mama wa matobolwa. Fundi ameshaanza msingi. Bodaboda yule aliyetaka senta ndiye anayesomba mchanga, na kila nikipiga simu ananiambia nimekosea, halafu ananieleza mifuko mingapi ya saruji imebaki.

Mwandikie mjomba wako huko mkoani, muulize jioni watu wa mtaa wake wanakaa wapi bila kununua kitu. Akikutajia mti, muulize uko kwenye kiwanja cha nani. Mimi sikuwahi kuuliza mpaka nilipotumwa kuuza.

Kaka bado hajapokea simu yangu. Ila juzi binti yake kanitumia ujumbe: "Baba mdogo, baba anauliza embe zimeiva?"

Nimemjibu bado, ni bichi. Aje mwenyewe Desemba.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.