Kodi ya Chumba Katika Mtaa wa Pipeline

Mashariki ya mji wa Nairobi, huko Embakasi, upo mtaa uitwao Pipeline. Jina hilo latokana na bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Wakaaji wake wengi ni watu wa kazi za viwandani, madukani na za ujenzi, na nyumba zao ni ghorofa za orofa saba au nane, zilizosongamana hata jua halifiki chini.

Chumba cha kawaida ni cha futi 10 kwa 10, na choo hushirikiwa na majirani. Kodi yake huweza kuwa shilingi 4,000 au 5,000 kwa mwezi, lakini vyumba vya nyumba moja havilingani bei. Kinachoelekea barabarani hupata mwanga, nacho ni ghali. Cha ndani huwashwa taa saa sita mchana. Cha juu kabisa kina hewa safi, walakini mpangaji wake hana budi kupandisha maji ngazi zote hizo kwa mtungi.

Wala kodi si gharama yote. Akodishaye chumba cha shilingi 4,500 akatakiwa na amana ya mwezi mmoja, hutoa 9,000 kabla hajaingiza kitanda. Mifereji ikikauka hununua maji: mitungi minne kwa siku, kila mmoja shilingi 10, ni 1,200 kwa mwezi.

Sheria ya kuzuia kodi ilianza mwaka 1959, ikaweka baraza la kuamua magomvi ya wapangaji na wenye nyumba. Lakini baraza hilo limewekewa mpaka wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba cha bei hiyo ni adimu sana Pipeline. Hivyo mtu wa mshahara mdogo, ambaye ndiye hasa aliyekusudiwa kulindwa, amebaki nje ya mlango. Ni ajabu kwamba bei ya kila kitu imepanda ila mpaka huo.

Siku za kwanza za mwezi msimamizi hupita mlango hadi mlango, na aliyechelewa sana aweza kukuta kufuli la pili juu ya lake. Ndipo mikokoteni huonekana ikihamisha magodoro na majiko kutoka ghorofa hii hadi ile, pengine kwa ajili ya nafuu ya shilingi 500 tu.