Siki, Barafu, Maji ya Moto

Konyeza wa buluu huletwa Durban na upepo wa mashariki. Ukivuma siku mbili tatu bila kupumzika, hasa miezi ya joto, asubuhi unakuta mstari wao umelala pale maji yalipokomea usiku, kuanzia Addington mpaka unakopotea machoni upande wa mto Umgeni. Kila mmoja ni kibofu kidogo chenye hewa, wengi hawazidi urefu wa kidole gumba, na chini yake umetoka mnyiri mmoja mrefu wa buluu iliyokoza, umejikunja mchangani. Kibofu hakina neno. Mwenye shughuli ni huo mnyiri.

Nimeuza chipsi na chai mbele ya ufukwe huu tangu miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, nilipotoka Tanga kumfuata binamu yangu aliyekuwa akihangaikia riziki hapa. Muuza chai si mganga. Lakini mtu anapotoka majini akilia, mkono umechorwa mistari myekundu iliyovimba, haulizi hospitali iko wapi. Anakimbilia kibanda kilicho karibu. Ndivyo tiba za konyeza zilivyopita juu ya kaunta yangu, moja ikiiondoa nyingine, na kila iliyokuja ilikuja na watu walioapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

Nilipoanza, dawa ilikuwa siki. Watu wa hapa hula chipsi zikiwa zimelowa siki, kwa hiyo hakuna kibanda kilichokosa chupa. Mtoto akichomwa, mama yake alinyoosha mkono juu ya kaunta bila hata kusalimu, akaichukua chupa, akammwagia mtoto mguu mzima. Nusu ya siki yangu ya Desemba haikuonja chipsi. Nilikuja kujua baadaye kwamba ushauri ule ulikuwa na asili yake: kaskazini mwa Australia yuko konyeza mwingine, mwenye mwili wa pembe nne kama sanduku, anayeweza kuua mtu kwa dakika chache, na kwake yeye siki huzima kabisa chembe za sumu ambazo bado hazijafyatuka. Ushauri ukasafiri, ukavuka bahari, ukamkuta konyeza wa aina nyingine akiusubiri.

Sambamba na siki kulikuwa na mengine yote. Spiriti. Mchanga wa moto. Unga wa kulainishia nyama, ambao kijana mmoja aliwahi kuuleta ufukweni mfuko mzima. Na mkojo, bila shaka. Nyumbani Tanga baba yangu mdogo, mvuvi wa dema, hakuwa na tiba nyingine zaidi ya mkojo wa mtoto mdogo, na tiba hiyo aliitoa kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala. Nilicheka nilipoikuta Durban pia, ikisimuliwa na vijana wa Kizulu na wazungu wa kuteleza kwenye mawimbi, kila kundi likidhani ni siri yao.

Shida ya dawa hizi inaeleweka ukiujua mnyiri ulivyoundwa. Umejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kimoja umekunjwa uzi wenye miiba na sumu. Kifuko kikiguswa, au kikikutana na maji ya aina nyingine ghafla, hufyatuka. Hakingoji amri ya mnyama. Ndiyo maana konyeza aliyekufa na kukauka nusu mchangani bado anachoma, hata siku kadhaa baadaye, na ndiyo maana kipande cha mnyiri kilichokatika majini kinachoma bila mwenyewe kuwapo. Mtu aliyechomwa ana vifuko vilivyofyatuka, na ana vingine vingi vilivyobaki vimelala juu ya ngozi. Ukisugua kwa mchanga au ukimwaga spiriti, unaviamsha vilivyolala.

Kisha zikaja zama za barafu. Vibao na vipeperushi vikaanza kuonya kwamba siki haifai kwa konyeza wa buluu, kwamba majaribio ya maabara yameonyesha inavifyatua baadhi ya vifuko badala ya kuvizima. Waokoaji wakatuambia tuache. Kwangu ilikuwa nafuu, maana barafu ilikuwepo ya soda na haikunigharimu kama siki. Ninamkumbuka baba mmoja aliyekaa kwenye kiti changu cha plastiki na mfuko wa barafu kifuani, akisema maumivu yamekwisha; alipouondoa, yakarudi yote, akauomba tena. Alikaa hapo mchana kutwa. Barafu inatia ganzi, na ganzi ni rehema, lakini sumu yenyewe haiigusi.

Maji ya moto niliyasikia kwanza kwa mteja wangu wa asubuhi, mteleza mawimbi aliyetoka kuishi Australia. Aliniagiza chai, akaniomba na jagi la maji ya moto kando, akatumbukiza kifundo cha mguu kwenye ndoo yangu ya kufulia vitambaa. Nilimwona ni mwendawazimu. Ngozi inawaka, halafu unaongeza moto? Alicheka, akaniambia hospitali za kule zimeshalijaribu jambo hilo kwa watu.

Na kweli zilikuwa zimelijaribu. Mwaka 2006 madaktari wa eneo la Newcastle, jimbo la New South Wales, walichapisha matokeo katika jarida la madaktari la Australia. Waliwachukua watu 96 waliochomwa na konyeza wa buluu, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine barafu, wengine maji ya moto ya nyuzi 45. Baada ya dakika 20, asilimia 87 ya waliotumia maji ya moto walisema maumivu yamepungua, dhidi ya asilimia 33 ya wale wa barafu. Jaribio lilisimamishwa lilipofika nusu kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Maelezo yake si ya kimiujiza: sumu ya konyeza ni protini, na protini nyingi huharibika kwa joto, kama vile ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto.

Nyuzi 45 ni joto la kuogea linalokaribia kukushinda. Likizidi kidogo linababua, na ufukweni watu wana haraka. Nilishawahi kumnyang'anya mama mmoja birika lililokuwa linatokota. Alikuwa tayari ameinua mkono juu ya mguu wa mwanawe. Tangu hapo maji nachanganya mwenyewe, na mwenye jeraha hagusi kabla kiwiko changu hakijagusa. Muuguzi mmoja aliyekuwa akija kunywa chai baada ya zamu alinihurumia, akaniletea kipimajoto cha jikoni.

Katika miaka hiyo hiyo ufukwe wenyewe ulibadilika. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010 njia ya waenda kwa miguu ilipanuliwa, na vibanda vikapangwa upya. Wageni wakaongezeka, na wengi hawakuwa na habari ya konyeza. Walikuwa wakiuliza kuhusu papa. Papa wana nyavu zao, zilizowekwa Durban tangu 1952, na mgeni akishazisikia hutulia akaingia majini. Wavu wa papa una matundu ambayo konyeza hayaoni hata kidogo.

Kilichonishangaza zaidi ni watoto. Zamani, asubuhi ya upepo wa mashariki ilikuwa sherehe: watoto wenye viatu walishindana kuvikanyaga vibofu ili vipasuke, na ukiwa kibandani ulisikia mlio wake ukienda na kurudi ufukweni. Kila mara alikuwepo mmoja aliyevua viatu ili aonyeshe ushujaa, na huyo ndiye aliyekuja kwangu. Siku hizi wanainama na simu. Wanapiga picha, wanakuza, wanabishana. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayezungumza Kizulu zaidi kuliko Kiswahili, ndiye aliyenieleza kwamba huyu si mnyama mmoja. Ni kundi la viumbe walioungana: mmoja ndiye kibofu, wengine wanawinda, wengine wanameng'enya, wengine wanazaa, na hakuna anayeweza kuishi akitengwa. Ndani ya kibofu kuna kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Na tanga la juu ya kibofu limeelekea upande, wengine kulia na wengine kushoto, hivyo upepo mmoja huwatupa hawa pwani na kuwapeleka wale mbali.

Picha hizo hazikupotea bure. Kwa muda mrefu sana wataalamu walihesabu spishi moja tu duniani kote. Mwaka 2025 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya vielelezo kutoka bahari mbalimbali, wakaulinganisha na maelfu ya picha zilizopandishwa mtandaoni na watu wa kawaida, na wakahitimisha kwamba spishi ni nne. Mimi niliona hivyo hivyo kwa miaka, kwamba wa siku hii hafanani na wa juzi, ila nani angemuuliza muuza chipsi?

Si kila aliyechomwa anaishia kwenye ndoo. Kuna msichana alikuja akishika koo, midomo imevimba, hewa inapita kwa shida. Huyo sikumpa maji wala siki. Nilipiga kelele kuwaita waokoaji, wakampa oksijeni mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na alipona. Baadaye nilisoma kwamba mzio wa namna hiyo ulianza kufahamika kwa sababu ya konyeza huyu huyu. Mwaka 1901 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliichunguza sumu yake wakiwa kwenye meli ya Mwanamfalme Albert wa Monaco, wakaendelea Paris kwa sumu ya kiumbe mwingine wa bahari, wakaona mbwa aliyepona dozi ya kwanza akifa kwa dozi ndogo ya pili. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mwambie hayo mtu anayehema kwa shida ufukweni, uone kama yatamsaidia. Gari la wagonjwa ndilo lililomsaidia.

Nikadhani mambo yamekwisha, kumbe siki haikuwa imekubali kushindwa. Mwaka 2017 watafiti wa Hawaii na Ireland walitangaza kwamba kwa konyeza wa aina hii siki inazuia vifuko kufyatuka, na kwamba barafu na kusuuza kwa maji ya bahari huzidisha madhara. Joto walilikubali. Kwa hiyo sasa nasimamia mabishano: mzee mmoja wa waokoaji hataki kusikia habari ya siki, na vijana wake wanamwonyesha simu. Mimi nangoja wamalize, maji yakipoa nayaongeza.

Barafu nimeirudisha kwenye soda. Binti yangu anataka tuweke bei ya ndoo, maana Desemba umeme wa kuchemshia unakula faida. Nimemkatalia. Mtu akikaa dakika 20, mkono ndani ya ndoo, pua yake kwenye karai la chipsi, huyo ataagiza tu.